"Nilidhani Mtanichapa": Kitu Tulichosahau Kuwafunza Watoto Kabla ya Kuwapeleka Mlimani

Watu wangu, leo hakuna video. Leo ni kusoma tu, na si fupi, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Wiki kadhaa zilizopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu Ngong Hills. Ana miaka 7. Tulikuwa kikundi cha watu kama 20, wengine wamekuja na watoto wao, yale mambo ya kulipa kwa M-Pesa na kukutana mjini saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimembebea kila kitu: kofia, sweta, maji, ndizi, biskuti, na raba mpya juu. Kwa picha alikaa kama mtu amezaliwa mlimani. Tulipopita kilima cha tatu hivi ukungu ukashuka, na upepo wa Ngong unaujua ukiamua kuvuma. Tukasimama kuvaa masweta. Nilipoinua kichwa, mtoto hayuko.

Dakika 40. Zisome polepole hizo, kwa sababu mimi niliziishi polepole. Tuliita jina lake mpaka sauti zikakauka. Mwishowe mama mmoja akamwona amejikunja nyuma ya kichaka, si mbali na njia. Hakuwa ameumia. Hakuwa analia. Alikuwa anatusikia muda huo wote.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuitika?"

Akaniangalia. "Anko, nilidhani mtanichapa."

Kuna mtu atasema kosa ni la waliopanga safari. Labda. Lakini pale mimi ndiye nilikuwa anko. Mimi ndiye nilinunua raba za elfu tatu na sikumfunza huyo mtoto kitu hata kimoja. Hakujua afanye nini akibaki nyuma. Kile alijua kuhusu kukosea, alikijua kutoka nyumbani na shuleni: ukikosea, jifiche.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe hii shughuli ya kumfunza mtoto kujilinda porini ina historia ndefu, na kipande kikubwa cha hiyo historia kinapita hapa kwetu. Wacha niwapeleke polepole.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa guka, Nyeri. Guka alianza kuchunga mbuzi akiwa na umri kama wa huyu mtoto. Nikamuuliza ni nani alimfunza asipotee. Akacheka.

"Hakuna siku nilifunzwa. Kila siku nilikuwa nafunzwa."

Alikuwa anaenda malishoni na wavulana wakubwa. Kitu cha kwanza kilikuwa milima: Kirinyaga upande ule, Nyandarua upande huu. Ukijua hiyo miwili iko wapi, nyumbani hakukupotei. Kitu cha pili kilikuwa sauti. Kila mchungaji alikuwa na mlio wake wa kuita kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine, na ukiitwa unaitika, hata kama umekasirika. Kitu cha tatu kilikuwa mto. Kabla ya kuvusha mbuzi unaangalia rangi ya maji. Yakianza kuwa mekundu, na matawi na majani yakianza kupita, usivuke, hata kama juu yako jua linawaka. "Maji yanatoka mahali mvua ilinyesha," guka akaniambia, "hayatoki mahali umesimama." Wekeni hiyo sentensi kando, tutarudi kwake.

"Na ukipotea kabisa?"

"Unakaa na mbuzi. Watu watakuja kutafuta mbuzi."

"Na wewe je?"

"Si mimi niko hapo na mbuzi?"

Nilicheka, lakini hebu fikiria. Huyo mtoto alikuwa amepewa sababu ya kukaa mahali pamoja, na uhakika kwamba watu watakuja. Yule wangu wa Ngong hakuwa na sababu wala uhakika.

Usidhani ni guka tu anasifu enzi zake. Jomo Kenyatta aliyaandika haya kwenye *Facing Mount Kenya*, kitabu kilichotoka London mwaka wa 1938. Kwenye sura ya elimu anaeleza jinsi baba Mkikuyu alivyompima mwanawe. Mifugo ya makundi mawili au matatu ilichanganywa pamoja, kisha mtoto akaambiwa atenge ile ya kwao, kwa rangi, kwa umbo, kwa pembe. Mchezo tu, si ndiyo? Lakini mtoto anayeweza kumtambua mbuzi mmoja kati ya wengi ni mtoto aliyezoeshwa kuangalia. Na mtoto anayeangalia anakumbuka ule mti uliovunjika, lile jiwe jeupe, ile njia panda. Si rahisi kumpoteza.

Sasa hapa ndipo historia inanichekesha. Mwaka huo huo wa 1938, mzee mmoja Mwingereza alihamia Nyeri, kwenye nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, pale kwa uwanja wa hoteli ya Outspan, akiwa anautazama mlima uleule. Huyo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Alifia hapo tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri. Kwenye kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati. Ni ile alama ambayo skauti huacha njiani kumaanisha "nimekwenda nyumbani". Nimepita hapo mara nyingi nikienda kwa guka, na sijawahi kujiuliza mtu huyu alikuwa anafunza nini hasa.

Mwaka wa 1907 alichukua wavulana kama 20, wengine wa matajiri na wengine wa watu wa kawaida, akaenda kupiga kambi nao kwa siku 8 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha *Scouting for Boys*. Mmoja wa michezo yake maarufu unaenda hivi: weka vitu vingi kwenye sinia, mtoto aviangalie kwa dakika moja, funika, kisha akutajie vyote anavyokumbuka. Unaona? Ni ule mchezo wa mbuzi, ila sasa ni wa mezani. Sisemi aliutoa kwa Wakikuyu. Aliuchukua kwenye riwaya ya Kipling kuhusu India. Lakini kazi yake ya upelelezi aliikomazia Afrika, akiwa mwanajeshi wa himaya, kwenye vita dhidi ya Waafrika, kwa mfano kule kwa Wandebele mwaka wa 1896. Alisimulia mpaka jinsi wavulana wa Kizulu walivyotumwa porini peke yao kujaribiwa.

Yaani ujuzi mwingine wa aina ile ambayo mtoto wa Kiafrika aliupata bure malishoni ulipita kwa mwanajeshi wa kikoloni, ukaandikwa kitabu, ukavalishwa skafu na sare, kisha ukarudi kwetu kama klabu. Na uliporudi, kwa miaka mingi vikosi vya skauti hapa Kenya vilitengwa kwa rangi. Naisema hiyo bila chuki. Skauti imewafunza watoto wengi wa Kenya kuwasha moto, kufunga fundo na kuhudumia majeruhi, na wito wao wa "uwe tayari" bado ni maneno mawili ninayoyaheshimu. Lakini tusidanganyane eti kumwandaa mtoto kwa safari ya porini ni mambo ya wazungu. Hapana. Tulikuwa nayo. Swali ni tuliiachia wapi.

Nikamuuliza guka swali hilo. Hakucheka tena.

Alikuwa na miaka kama 12 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Oktoba 1952. Mwaka uliofuata misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafanywa maeneo yaliyopigwa marufuku. Ukipatikana ndani, unaweza kupigwa risasi na hakuna wa kuulizwa. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingine vikizungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, na kutoka ilikuwa kwa saa zilizopangwa. Mbuzi za kwao ziliisha. Wale wavulana wakubwa waliokuwa wanamfunza, wengine waliingia msituni kupigana na wengine wakawekwa kizuizini. Hakukuwa na malisho, hakukuwa na wa kuita upande ule wa bonde.

Baba yangu alizaliwa baada ya hayo yote. Yeye kuhusu msitu alifunzwa somo moja: usiende. Halafu ikaja shule, ambayo ni kitu kizuri, lakini mtoto anayekaa darasani kutwa hachungi. Halafu tukaja mjini. Vizazi viwili tu, na kamba ikakatika.

Najua si kila mtu anatoka Nyeri, na kila jamii ina hadithi yake. Kule Samburu, Baringo na Kajiado kuna watoto wa miaka 7 wanaotoka na mifugo mpaka leo. Hao hawahitaji maneno yangu, mimi ndiye ninahitaji yao. Nawaongelea wale kama mimi, wa fleti na matatu. Tunarudi mlimani Jumamosi tukiwa wageni, tunalipa kiingilio kwa milima ambayo babu zetu waliijua kwa harufu. Na safari hii tumeshika watoto mkono.

Ndiyo maana nilienda kusoma wageni wengine walifanya nini walipogundua watoto wao wa mjini hawajui pori. Hapo nikakutana na California.

Februari 1981, mvulana wa miaka 9 alipotea akiwa kambini na familia yake kwenye mlima wa Palomar. Kulikuwa na ukungu, mvua na baridi. Mamia ya watu walimtafuta. Alipatikana siku kadhaa baadaye, amekufa kwa baridi. Mmoja wa waliokuwa kwenye msako huo alikuwa Ab Taylor, mfuatiliaji nyayo wa walinzi wa mpaka wa Marekani, mtu aliyekuwa amepata watu wengi waliopotea. Kifo cha huyo mtoto kilimuuma. Yeye na wenzake wakaketi wakaandaa somo fupi la watoto wadogo, wakaliita *Hug-a-Tree and Survive*, yaani ukipotea kumbatia mti, utaishi. Linafunzwa Marekani na Kanada mpaka leo.

Somo lenyewe ni jepesi ajabu. Ukigundua umepotea, simama. Chagua mti, kaa nao, uukumbatie, uongee nao ukitaka. Mti unafanya kazi mbili: unakuzuia kutangatanga, na unatuliza moyo. Kwa sababu mtoto akiogopa anakimbia, na kila akikimbia anakuwa mbali zaidi na mahali watu wanapoanza kumtafuta. Pili, jikinge baridi na maji. Tatu, piga filimbi, na ukisikia sauti usijifiche, hata ukidhani ni mnyama. Pigia huyo mnyama kelele. Akiwa mnyama atakimbia, akiwa mtu umepatikana.

Halafu kuna lile somo ambalo niliposoma nilifunga simu nikakaa kimya. Wanawaambia watoto: wazazi wako hawatakukasirikia. Watafutaji waligundua kwamba watoto waliopotea hujificha. Wanasikia majina yao yakiitwa na wananyamaza, kwa kuogopa adhabu, au kwa sababu wameambiwa wasiongee na watu wasiowajua.

Anko, nilidhani mtanichapa.

Huko kwao wanaogopa kukasirikiwa. Hapa kwetu wanaogopa kichapo, na wana sababu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, lakini uliza mtoto yeyote kama habari hiyo ilimfikia. Nyumbani ndiyo usiseme. Mtoto akipotea sokoni, mama akimpata, kitu cha kwanza ni kofi, kisha kukumbatiwa. Sote tumepitia, na sote tunacheka tukisimulia. Lakini somo lililobaki kichwani mwa mtoto ni kwamba kupatikana kunauma. Mahali kama Ngong, na ukungu ule, somo hilo linaweza kuua.

Sasa, tusichukue mambo ya California tukayabandika hapa kama stika. Pori letu lina mambo yake.

Kumbukeni Hell's Gate. Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa ndani ya korongo maji yakaja ghafla, na 7 wakafa. Septemba 2019, ikatokea tena palepale, watu 7 wakasombwa, na korongo likafungwa. Mle chini kuta ni ndefu na nyembamba. Mvua inanyesha huko mbali, na wewe uko pale unapiga selfi kwenye jua. Guka hajawahi kufika Hell's Gate, lakini somo lake la maji mekundu lilikuwa linazungumza juu ya pale. Kwa hivyo mtoto wa Kenya anafunzwa "simama" ikiwa na kiambatisho: ukiwa bondeni, korongoni au kwenye mkondo wa mto, hata mkavu, panda juu kwanza, halafu ndio usimame. Ukisikia mngurumo kama lori, usiulize, panda. Na mawingu yakiwa meusi upande wowote, watu wazima wasiingie na mtoto huko chini. Hiyo si kazi ya mtoto kuamua.

Kuna wanyama pia. Kilimambogo hakikupewa jina hilo kwa utani. Mahali penye nyati au ndovu, mtoto wa miaka 7 hafai kuwa mbali kuliko mkono wako unavyofika, na askari wa wanyamapori akisema mrudi, mnarudi, hata kama umebakisha picha moja.

Kuna baridi, ambayo sisi huidharau kwa sababu eti tuko kwenye ikweta. Ngong ni mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, Longonot 2,776. Mtoto mwenye nguo zilizolowa kwenye upepo wa huko anapoteza joto haraka kukuliko wewe. Wamarekani humpa mtoto mfuko mkubwa wa taka ajifunike. Sisi plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu tangu Juni 2020, kwa hivyo mpe koti la mvua la rangi kali, kama chungwa au nyekundu. Alibebe mwenyewe kwenye mkoba wake. Koti likiwa kwa mkoba wako na yeye amepotea, litamsaidia nani?

Kitu kingine nilichojifunza kwa watu wa California ni hiki: kabla ya kutoka nyumbani, chukua ile karatasi ya foili ya kufungia chapati, itandaze juu ya taulo lililokunjwa, mtoto akanyage na kiatu atakachovaa. Andika jina. Akipotea, watafutaji wanajua wanafuata alama gani. Pia mpige picha asubuhi hiyo akiwa amevaa nguo za safari. Tunapiga picha 200 za mandhari. Moja ikiwa ya kazi si mbaya.

Na kwa wanaopanga safari: tafadhali, mtu mzima mmoja abaki nyuma ya kila mtu, na watoto wahesabiwe kila mkisimama. Guka alikuwa anahesabu mbuzi akitoka, akivuka mto, na akirudi. Sisi watoto tunawahesabu wakati wa kupanda gari tu.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa dada yangu. Tulifanya ile ya foili hapo sakafuni jikoni. Mtoto alifurahi mpaka akataka na paka akanyage. Tukacheza mchezo wa sinia: kijiko, ufunguo, limau, betri, kifuniko cha chupa. Alinishinda. Nikampa filimbi, nikamwambia mara tatu ni "niko hapa". Jirani wa chini alikuja kugonga mlango.

Sehemu ngumu haikuwa ya mtoto. Nilimwambia dada yangu kwamba ni lazima yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, amwambie mtoto kwamba akipotea hatachapwa.

"Hata kama ni ujinga wake amejipoteza?"

"Hata kama ni ujinga wake."

Alinyamaza kidogo. Tulilelewa nyumba moja, najua alikuwa anakumbuka nini. Kisha akamwita mtoto, akamwambia. Mtoto akamtazama, akauliza, "Ukweli?" Akaambiwa ukweli. Akauliza mara ya pili.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mlima ni mwalimu ambaye harudii somo. Kwa hivyo kabla hujanunua raba, kabla hujalipa nafasi ya safari ya mwezi ujao, mkalishe mtoto wako leo jioni umwambie maneno haya: ukipotea, simama, ukiitwa, itika, na nikikupata, sitakuchapa. Halafu siku ikifika, usimchape kweli.